Fundi wa Kamukunji anauliza: vyuma hivi vinaweza kunilisha?

Swali la msomaji: "Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kamukunji, Nairobi. Kwa miaka miwili nimekuwa nikirekodi kwa simu sauti za karakana (nyundo, grainda, mabati yakikunjwa) na kuziunganisha kwenye kompyuta. Marafiki wanasema ni kelele tu, lakini nasikia Ulaya na Japani kuna watu wanaishi kwa muziki huu wa indastriali, mtu na jukwaa lake peke yake. Kazi zangu zinasikika nyembamba, hazina uzito. Nirekebishe nini, na pesa inatoka wapi? Bendi sina wala sitaki."

Ndugu fundi, la pesa acha nilijibu kwanza kwa ufupi, tutalirudia baadaye. Muziki huu haulipi kwa kusikilizwa mtandaoni. Unalipa jukwaani, kwenye kazi za kuagizwa kama sauti za filamu, densi na maonyesho ya sanaa, na kidogo kwenye kanda na faili unazouza kwa mkono wako. Wengi wa waliodumu walikuwa na kibarua kingine. Masami Akita wa Tokyo, ambaye dunia inamjua kama Merzbow, alianza 1979 kwa kanda alizozitoa kwa lebo yake mwenyewe na kuzituma kwa posta, huku akijipatia riziki kwa kuandika na kuhariri. Kampuni ya Extreme ya Australia ilipokuja kutoa sanduku la CD 50 za kazi zake, mwaka ulikuwa 2000. Brian Williams wa Wales, anayejiita Lustmord, alihamia Los Angeles na kuingia kwenye sauti za filamu. Graeme Revell, aliyekuwa nguzo ya kundi la SPK kule Sydney, aligeuka kabisa kuwa mtunzi wa Hollywood.

Kwa hiyo mashine ya kuchomelea usiiuze. Kwanza inakulisha. Pili, wenzako wa huko walilazimika kuokota vyuma jaani na kuvipiga vilivyo, ilhali wewe unaweza kukikata chuma hadi kitoe sauti unayoitaka. Z'EV, Mmarekani aliyezaliwa 1951 na kufariki 2017, alijenga maisha yake yote ya jukwaani, mara nyingi akiwa peke yake, juu ya ujuzi wa namna hiyo: chuma kisichoshika kutu, titani na mabomba ya plastiki, bila gitaa wala kinanda.

Sasa tuje kwenye wembamba, maana hapo ndipo kazi yako inapokwama.

Simu ilitengenezwa ili isikie mtu akiongea. Hupunguza sauti za chini, hupandisha na kushusha kiwango yenyewe, na nyingi huhesabu mlio usiokatika kuwa uchafu wa kufutwa. Grainda kwake ni uchafu. Lakini hata ungekuwa na maiki ya studio, tatizo lingebaki, kwa sababu chuma chembamba hakisukumi hewa. Chukua nondo ya milimita 12, mita moja. Mtetemo wake wa msingi uko karibu na Hz 54 (mara 54 kwa sekunde), chini kabisa, sauti ya kutikisa kifua. Ukiigonga unasikia "ting" tu, kwa sababu hewani zinafika sauti za juu yake, zile za takriban Hz 149 na 291 na kuendelea. Ile 54 ipo ndani ya chuma, inatetemeka, ila haina upana wa kuipigia hewa. Uzito unaoutafuta unao tayari. Unachokosa ni njia ya kuutoa.

Njia yenyewe ni maiki ya kubandika, na kiini chake ni pizo: kile kisahani cha shaba chenye duara jeupe katikati kinachokaa ndani ya kengele za saa na vidude vya kulia "pii". Nunua vya milimita 27, kumi kwa pamoja, kwa sababu vitatu vya kwanza utaviunguza. Sehemu nyeupe ni kauri iliyopakwa fedha kidogo sana, na risasi ya moto ya kulehemu ikikaa juu yake zaidi ya sekunde mbili upako unabanduka na waya unatoka nao. Kwaruza shaba kwa msasa, paka risasi kwanza kwenye waya, kisha gusa na uondoe. Waya wa kati wa kebo uende kwenye nyeupe, wavu wa nje uende kwenye shaba. Tumia kebo yenye wavu. Ya taa itakuletea mvumo wa umeme wa Hz 50 uliojaa karakana nzima.

Usikibandike kisahani kwenye nondo yenyewe, mgongo wake ni wa mviringo na una makovu. Chomelea kwanza kipande cha bati nene, sentimita 4 kwa 4, mwisho wa nondo, kiache kipoe kabisa, kisugue kwa tupa mpaka kilale sawa, halafu gundisha upande wa shaba kwa gundi ngumu inayokauka kama kioo. Silikoni ni laini, inameza sauti. Mwishoni mwa nondo ndipo mitetemo yote inapocheza kwa upana, katikati baadhi yake imetulia.

Na nondo uining'inize wapi? Asilimia 22.4 ya urefu kutoka kila mwisho, yaani sentimita 22.4 kwa nondo ya mita moja. Hapo mtetemo wa msingi hauna mwendo, kamba ya nailoni haitauzuia, na mlio utadumu sekunde nyingi. Ukiifunga kwenye ncha zake umeua mlio kabla hujapiga. Ukitaka kubadili noti, kumbuka kwamba kufupisha nusu hakupandishi oktavi moja bali mbili: mita moja ni Hz 54, nusu mita ni karibu 216. Oktavi moja unaipata kwa kukata hadi sentimita 71. Kata nondo nne kwa hesabu hiyo na tayari una ala yako mwenyewe, ambayo mtu mwingine hana.

Wengi hufika hapa, wanachomeka pizo moja kwa moja kwenye miksa, wanasikia mkwaruzo wa bati, wanasema pizo ni takataka. Pizo haina kosa. Kwa umeme, kisahani cha milimita 27 ni kama kapasita ya nanofaradi 20 hivi. Ukikiunganisha na ingizo la miksa lenye ukinzani wa kiloomu 10, kila kitu chini ya takriban Hz 800 kinaanza kukatwa, na ile 54 yako inashuka karibu desibeli 23. Ukikipa ingizo la megaomu 1, mkato unahamia Hz 8, chini ya unachoweza kusikia. Ingizo la gitaa kwenye kisanduku cha kurekodia lina ukinzani wa kiasi hicho; chomeka hapo usikie tofauti. Kama huna, jenga kikuza-awali hiki, ni vitu vya mfukoni:

Saketi ya TL072 moja, chipu ndogo ya kukuza sauti yenye miguu minane. Betri ya volti 9. Resista mbili za kiloomu 10 kugawa volti katikati, na kapasita ya mikrofaradi 47 kutoka katikati hiyo hadi ardhi. Mguu wa 8 uende kwenye chanya, wa 4 kwenye ardhi. Kutoka katikati, resista ya megaomu 1 iende mguu wa 3. Pizo iingie mguu huohuo wa 3 kupitia kapasita ya nanofaradi 100 na resista ya kiloomu 10 zikifuatana. Unga mguu wa 2 na wa 1. Kutoka mguu wa 1, kapasita ya mikrofaradi 10 hadi jeki, na kiloomu 100 kutoka jeki hadi ardhi ili isipige "pop" ukichomeka. Nusu ya pili ya saketi usiiache ikielea: mguu wa 5 kwenye katikati, wa 6 ufungwe na wa 7.

Ongeza daiodi mbili za 1N4148 kwenye mguu wa 3, moja ikielekea chanya na nyingine ikitoka ardhi. Usizione ni mapambo. Pizo ikipigwa nyundo hutoa makumi ya volti kwa kufumba na kufumbua, na bila daiodi saketi itakufa siku ya onyesho, si siku ya majaribio. Vyote vikae ndani ya kopo la chuma lililounganishwa na ardhi. Betri itakaa zaidi ya saa 100. Ikishuka chini ya volti 7 sauti inaanza kuvunjika kwa ubaya, si ule uvunjifu tunaoutaka.

Onyo moja ambalo mafundi wa elektroniki wasiochomelea hawawezi kukupa: usiache maiki ya kubandika kwenye chuma unachokichomelea. Wavu wa kebo umeshikana na shaba, shaba imeshikana na chuma, na klampu ya ardhi ikilegea tu, mkondo wa mashine utatafuta njia ya kurudi kupitia kebo yako, miksa yako na kompyuta yako. Sauti ya kuchomelea ichukue kwa maiki ya hewani ukiwa mbali na cheche, au kwa koili: fungua rilei mbovu, toa koili yake, iunge na kebo, isogeze karibu na transfoma ya mashine. Haitasikia hewa, itasikia sumaku, na utapata mvumo mnene wa Hz 50 na ndugu zake unaopanda kila fimbo ikigusa. Koili na pizo ni masikio mawili tofauti kabisa ya karakana moja.

Rekodi kwa biti 24, kilele kisizidi desibeli −12. Ukijua utapunguza mwendo mara nne, rekodi kwa kHz 96. Kwa 48 kila kitu juu ya kHz 6 kitakuwa kimya na kazi itasikika kama iko chini ya blanketi.

Kuhusu utunzi nitasema machache, maana hapo ni masikio yako. Kosa la kila anayeanza ni kujaza kila nafasi kwa kila sauti kuanzia sekunde ya kwanza. Sikio huzoea, na baada ya dakika tatu kelele kubwa inakuwa ukimya. Sehemu ya Hz 40 hadi 150 mpe mwenye nyumba mmoja tu kwa wakati mmoja. Nondo ikiwa hapo, mvumo wa transfoma ukatwe chini. Na jifunze kuzima. Dakika ya kumi, ukikata kila kitu kwa sekunde mbili halafu ukarudi na nondo moja tupu, ukumbi utadhani umeongeza sauti.

Sasa pesa na safari ya kazi yenyewe.

Usikimbilie Spotify. Tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Zaidi ya hapo, wana fungu maalumu la rekodi za "kelele", na sauti za mashine zimetajwa humo kwa jina pamoja na sauti za asili: lazima zifike dakika 2, na hulipwa sehemu ndogo tu ya wimbo wa kawaida. Utunzi wako si rekodi ya feni ya kulalia, lakini ukiupa jina kama "Grainda, saa moja" usishangae ukiangukia humo. Kitu kingine: huko sauti husawazishwa hadi karibu −14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Ukibana kazi yako hadi −6 ili iwe kubwa, itateremshwa desibeli 8 na utakuwa umepoteza mapigo ya nyundo bure.

Bandcamp ndiyo soko la muziki huu. Inachukua asilimia 15 ya faili na 10 ya bidhaa za kushika, ukiacha ada ya malipo, na kuna Ijumaa fulani, utaratibu ulioanza Machi 2020, ambapo inaacha fungu lake. Malipo huja kwa PayPal, na kwa bahati yako Kenya PayPal inaungana na M-PESA. Pakia WAV, kamwe si MP3. Kelele pana ndiyo inayoharibika vibaya kuliko yote ikibanwa, inageuka kama maji yanayochemka.

Toleo la kwanza liwe fupi. Dakika 30, upande wa dakika 15 mara mbili, ili litoshe kanda ya C30. Muziki huu bado unauzwa kwa kanda, mara nyingi nakala 50 hadi 100, na wanaonunua wako Ulaya, Marekani na Japani. Ndiyo maana usizitengeneze Nairobi na kuzituma moja moja kwa posta: nauli itazidi bei ya kanda. Tafuta lebo ndogo huko iitoe. Desturi ni kwamba inalipia uzalishaji na kukupa sehemu ya nakala badala ya pesa, kiasi cha moja katika kumi na kuendelea. Kubali, lakini haki ya rekodi usiiuze. Mkataba uwe wa kukodisha kwa muda unaotajwa, miaka mitatu au mitano, na faili za mtandaoni zigawanywe nusu kwa nusu au zibaki kwako. Kabla hujawatumia, isajili kazi KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Barua pepe kwa lebo iwe mistari mitano: wewe ni nani, ala ni nini, kiungo kimoja, muda wa kazi, picha ya nondo zako. Mtu anayepokea maombi kila siku atasimama kwenye "fundi wa kuchomelea anayejikatia ala". Maneno ya "sauti za kipekee" kila mtu anayo.

Nyumbani pia kuna mlango. Duma, wawili wa Nairobi, albamu yao ilitolewa 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwimbaji wao, Lord Spikeheart, akaendelea peke yake na kutoa albamu yake 2024 chini ya lebo yake, Haekalu. KMRU, kijana mwingine wa Nairobi, alianza na rekodi za mazingira yaliyomzunguka na sasa kazi zake zinapigwa kwenye kumbi za sanaa Ulaya. Tamasha la Nyege Nyege, lililoanzia Jinja 2015, huwaleta watu wa lebo na wapangaji wa matamasha hadi umbali wa basi kutoka kwako. Nenda ukiwa na viungo vyako kwenye karatasi ndogo. Hapo Nairobi, Santuri wanafundisha muziki wa elektroniki. Kwa mtu asiyetaka bendi, faida kubwa ni kupata spika kubwa za kusikilizia kazi yake kabla ya wageni kuisikia.

Onyesho: dakika 30 hadi 40. Karatasi ya mahitaji iwe nusu ukurasa: meza ya mita 1.8 isiyoyumba, visanduku viwili vya DI (vya kupeleka sauti yako kwenye miksa ya ukumbi), umeme wa soketi nne, stendi mbili imara. Nondo usizipandishe ndege. Andika kwenye mahitaji: "bati la chuma mita 1 kwa 2, unene milimita 1, springi mbili za gari, pipa tupu la lita 200". Mji wowote una jaa la vyuma. Wewe beba pizo, vikuza-awali, klampu na nyundo kwenye mzigo wa chini, kwa sababu nyundo haitapita kwenye mkoba wa mkononi. Vipande viwili vidogo ulivyokata mwenyewe vinatosha kuhifadhi sauti yako. Wakati wa majaribio, mwambie fundi wa sauti mapema kwamba mvumo ni sehemu ya kazi, la sivyo ataukata akidhani kebo imeharibika. Na vaa vizibo vya masikio. Kiwango kinachopendekezwa kwa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unagawanyika nusu. Kwa 100 umebakiwa na dakika 15. Wewe unatoka karakana asubuhi na masikio tayari yamechoka.

Ukialikwa Ulaya, fungua faili mara tu tarehe inapojulikana. Viza ya Schengen ya muda mfupi huombwa mapema hadi miezi 6 kabla, na isiwe chini ya siku 15. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Barua ya mwaliko itaje tarehe, ukumbi, malipo na nani analipa nauli na malazi. Wengi hukwama kwa barua inayosema "tunamkaribisha msanii" basi. Mwulize aliyekualika kwa maandishi kama nchi yake inataka pia kibali cha kazi kwa onyesho la kulipwa, maana kila nchi ina utaratibu wake. Ujerumani, msanii mgeni hukatwa kodi ya asilimia 15.825 kwenye malipo. Yasiyozidi euro 250 kwa onyesho hayakatwi. Kwa hiyo mkataba useme wazi kama euro 600 ni kabla ya kodi au baada yake. Neno hilo moja lina thamani ya euro 95.

La mwisho ni faili. Bryn Jones wa Manchester, aliyejiita Muslimgauze, alikufa Januari 1999 akiwa na miaka 37, na lebo ziliendelea kutoa rekodi zake kwa miaka mingi kutokana na kanda alizoacha. Ziliwezekana kutolewa kwa sababu zilikuwa kwa watu wengine, nje ya chumba chake. Kila rekodi ipe tarehe, chuma, urefu, na aina ya sikio: "2025-03-14_nondo12_71cm_pizo". Nakala moja ikae nyumbani, na spika nazo zihamie huko. Unga wa grainda ni chuma. Huvutwa na sumaku ya spika, hujipenyeza pembeni ya koili, na baada ya miezi michache utaanza kusikia mkwaruzo kwenye kila rekodi ambao haumo kwenye rekodi yoyote.